Ubuyu umekata maziwa, waini imekataa kuganda: jibu kwa muuza aiskrimu wa Nkuhungu

Swali: Shikamoo mwalimu. Nauza aiskrimu hapa Nkuhungu, Dodoma, za vikombe na za kijiti. Ladha zangu ni vanila, embe na ukwaju. Kijana wangu kanionyesha kwenye simu aiskrimu za nchi za watu: za jibini, za samaki, za kitunguu saumu, hata za nyama ya farasi. Ni kweli watu wanazila, au ni za kupigia picha tu? Nami nikasema ngoja nijaribu za kwetu. Nikatia ubuyu kwenye maziwa ya moto, yakakatika. Nikatia chupa nzima ya waini ya hapa Dodoma kwenye lita mbili za maziwa na nusu kilo ya sukari, kesho yake nikaikuta bado uji ndani ya friza. Nakosea wapi? Na katika hizo za ajabu, ipi mtu wa Dodoma anaweza kuinunua? Nafikiria hata pilipili.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kijana wako hakukudanganya. Hizo zote zimewahi kuuzwa na zimewahi kuliwa, ila hazina uzito mmoja. Zipo ambazo watu wanazila kila wiki bila kushangaa, na zipo ambazo mtu anakula mara moja ili apate la kusimulia. Mfanyabiashara ajifunze kwa hizo za kwanza.

Chukua jibini. Ufilipino aiskrimu ya jibini ni ya mtaani kabisa. Wachuuzi wanasukuma mikokoteni iliyopakwa rangi za kuwaka, wanagonga kengele, na ndani ya mkokoteni mna makopo machache ya ladha: jibini, chokoleti, na ube, ambacho ni kiazi kikuu chenye nyama ya rangi ya zambarau. Mteja akitaka anapakuliwa kwenye koni, akitaka anawekewa katikati ya mkate mdogo. Hakuna anayepiga picha. Jibini yenyewe ni ya kawaida ya dukani, imekunwa, na chembe zake unazikuta ulimini zikiwa na chumvi kidogo katikati ya utamu. Wengi wao wanatumia tui la nazi pamoja na maziwa au badala yake. Jambo hilo liweke akilini, nitalirudia kwenye ubuyu wako.

Meksiko nako, katika mji wa Dolores Hidalgo, jimbo la Guanajuato, wauza aiskrimu wa uwanja wa katikati ya mji wamejijengea jina kwa ladha za parachichi, bia, tekila, kamba, na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Hapo mambo yamechanganyika: parachichi na tunda la mpungate, ile kakati yenye miiba, watu wa pale wanalila kama sisi tunavyokula embe, lakini ya kamba ni chambo cha wageni. Anayekuja kuionja ya kamba kwa mzaha huondoka na kikombe cha parachichi alicholipia.

Halafu kuna maonyesho yenyewe. Duka la Coromoto, katika mji wa Mérida kule Venezuela, lilianzishwa na Mreno aitwaye Manuel da Silva Oliveira, likaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kuwa na ladha nyingi kuliko duka lolote duniani, zaidi ya 800. Humo mlikuwa na maharage, kitunguu, kitunguu saumu, samaki. Ile ya nyama mbichi ya farasi inatoka Tokyo, kwenye jumba la michezo la Namjatown, ambako palikuwa na sehemu nzima ya aiskrimu za mikoa ya Japani. Watu walikwenda pale kwa starehe na kwa kucheka. Usiige Namjatown, wao walikuwa wanauza tiketi ya burudani, wewe unauza kikombe Nkuhungu kwa mtu ambaye kesho unataka arudi.

Tena usidhani huu ni wazimu wa siku hizi za simu. Mwaka 1789 mtengeneza vitamutamu wa London aitwaye Frederick Nutt alichapisha mapishi yake, na mojawapo ni aiskrimu ya jibini ya Parmesan: mayai, shira, krimu, na jibini iliyokunwa. Alikuwa nayo pia ya mkate wa rangi ya kahawia. Wakati huo hakuna aliyekuwa ameamua kwamba aiskrimu lazima iwe tamu ya vanila.

Sasa, kwa nini jibini inakubalika na samaki inakataliwa? Kuna jaribio moja ambalo kila muuza chakula anapaswa kulijua. Mwanasaikolojia Martin Yeomans wa Chuo Kikuu cha Sussex na wenzake, akiwemo mpishi Heston Blumenthal, walitengeneza aiskrimu ya samaki wa samoni aliyekaushwa kwa moshi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Chakula kilikuwa kimoja. Kundi la kwanza waliambiwa hii ni aiskrimu. Hao walisema ina chumvi kali, na hawakuipenda hata kidogo. Kundi la pili waliambiwa ni chakula cha chumvi kilichogandishwa. Hao wakakila vizuri. Ulimi hauonji peke yake, unaonja kile ambacho jicho na sikio vimeshauahidi. Aiskrimu ya rangi ya waridi ukiiita aiskrimu tu, mteja anajiandaa kwa stroberi. Akikutana na samaki, kinywa kinafunga.

Kwako hapo somo ni la bei rahisi sana. Ubao wako usiandike "ladha mpya". Andika "ubuyu na pilipili", andika "karanga za kukaanga", herufi kubwa, na rangi isipingane na jina. Ukimwambia mtu mapema kwamba kuna chumvi au ukali, atautafuta mwenyewe na ataufurahia akiupata.

Tuje kwenye ubuyu, maana hapo ndipo penye pesa. Maziwa yako yalikatika kwa sababu mbili zilizokutana: asidi na moto. Protini kubwa ya maziwa inaitwa kazeini. Katika maziwa freshi, vipande vyake vinaelea kwa kusukumana, kila kimoja kinamkimbia mwenzake. Asidi inaondoa ule msukumano. Kipimo cha pH cha maziwa ni kama 6.6, kikishuka kufika 4.6 kazeini yote inashikana, na maji yanajitenga pembeni. Ndicho kinachotokea kwenye mtindi, na mtindi hakuna anayeulalamikia kwa sababu unakwenda polepole na kwa upole. Unga wa ubuyu una asidi ya kutosha kuyafikisha maziwa huko kwa dakika moja: asidi ya ndimu, asidi ya tartari, na vitamini C nyingi. Kwenye maziwa ya moto mabonge yanakuwa makubwa na magumu kama mchanga, na hakuna mashine ya kuyarudisha.

Una njia tatu, nami nina upendeleo wangu.

Njia ya kwanza ni kuacha maziwa kabisa na kufanya kama unavyofanya ukwaju wa kijiti: ubuyu, maji, sukari. Hiyo unaijua, na watoto wa shule wa Dodoma nzima wanaijua, sina la kuongeza. Ya pili ni tui la nazi, kama Wafilipino. Protini ya tui ni chache, kwa hiyo hakuna kikubwa cha kukatika, na mafuta yake yanaupa ubuyu ulaini ambao maji hayawezi kuutoa. Tatizo lake hapa bara ni bei ya nazi, na utalipia nauli yake mpaka Dodoma.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda: anza na maziwa yaliyokwisha kushikana. Chukua mtindi mzito, usio na maji, uupige na sukari mpaka uwe laini kama losheni. Kazeini yake imeshashikana, ubuyu hauna cha kuharibu tena. Kwa lita moja ya mtindi, loweka gramu 80 za unga wa ubuyu kwenye mililita 200 za maji ya uvuguvugu, saga, chuja nyuzi, changanya na gramu 220 za sukari, kisha iache ipoe kabisa kwenye friji. Ikishakuwa baridi ndipo uiunganishe na mtindi ulio baridi, na uingize kwenye mashine mara moja. Utaona mchanganyiko unakuwa mzito wenyewe. Ubuyu una pektini kwa wingi, ile inayogandisha jamu, na kwenye aiskrimu pektini inafanya kazi ambayo viwanda vinanunulia gundi za makopo: inayashika maji yasitengeneze barafu kubwa.

Kama unataka kubaki na maziwa freshi na krimu, basi usiyachanganye na ubuyu hata kidogo. Gandisha aiskrimu nyeupe kwanza, tengeneza shira nzito ya ubuyu pembeni, na uimiminie michirizi wakati wa kupakia kwenye kopo. Kwenye baridi ile, asidi haina mwendo wa kuleta madhara, na mteja anaona mstari wa shira kwenye weupe. Wale wa ubuyu wa Zanzibar wenye rangi, hiliki na pilipili wamekuandalia nusu ya kazi, ingawa mimi ningepunguza hiyo rangi.

Kuhusu waini, tufanye hesabu pamoja, kwa kuwa hesabu hii itakuokoa pesa. Kitu chochote kinachoyeyuka ndani ya maji kinayazuia kuganda kwa nyuzi sifuri. Sukari inafanya hivyo, na ni vizuri, bila hivyo aiskrimu ingekuwa tofali. Lakini nguvu ya kuzuia inategemea idadi ya chembe ulizotia, na chembe ya spiriti, yaani kilevi chenyewe, ni ndogo mno kuliko ya sukari. Kwa uzito ule ule, spiriti inazuia kuganda mara saba na zaidi kuliko sukari ya mezani. Chupa yako ya mililita 750, ikiwa na kilevi cha asilimia 12, ina mililita 90 za spiriti, sawa na gramu 70 hivi. Zidisha kwa saba. Umefika karibu nusu kilo. Maana yake ni kwamba friza yako iliona kilo moja ya sukari kwenye chombo, si nusu kilo uliyoipima. Hata ungeiacha wiki nzima isingekaza sawasawa, maana friza za kawaida za nyumbani zinaishia nyuzi 18 chini ya sifuri.

Isitoshe, waini ina asidi, na nyekundu ina tanini, ile inayokausha ulimi, na tanini inapenda kushikana na protini ya maziwa. Bila shaka uliona chembechembe pia, ila hukuzitaja.

Dawa ni kuichemsha waini kabla. Mimina chupa kwenye sufuria pana na sehemu ya sukari yako, moto wa wastani, mfuniko wazi, mpaka ibaki kama mililita 200 na ianze kunata kwenye mwiko. Spiriti inachemka kwenye nyuzi 78, inatangulia maji kuondoka. Fungua madirisha na usiinamie sufuria ukiwa na moto wa wazi, mvuke wake unaweza kushika. Shira ikipoa, iunganishe na maziwa baridi yaliyokwisha kupikwa, ingiza kwenye mashine. Harufu ya zabibu itakuwa imepungua, kwa hiyo mwishoni rudisha vijiko viwili au vitatu vya waini mbichi. Waini ya zabibu nyekundu za Makutupora inavumilia kupikwa hivi kuliko nyeupe. Nyeupe ukiichemsha inabaki uchachu tu.

Kuchemsha hakuondoi kilevi chote, na wewe umerudisha kidogo kwa mkono wako. Kwa hiyo hiyo aiskrimu si ya watoto, na jirani yako Mwislamu ana haki ya kujua kijiko chako kimetoka kopo gani. Aiskrimu hiyo iwekee kijiko chake, kopo lake, na uandike. Kama hilo linakuletea usumbufu, na kwa mtaa wako nadhani litakuletea, acha waini, chukua zabibu zenyewe. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na wakati wa mavuno zabibu zilizochubuka zinauzwa kwa bei ya kutupa. Zichemshe na maganda yake, chuja, punguza juisi mpaka iwe shira. Rangi yote iko kwenye ganda. Aiskrimu ya zabibu za Dodoma, iliyotengenezwa Dodoma, ni jambo la kushangaza kwamba bado si kitu cha kila kona katika mji huu ambao kila mgeni wa Bunge anaondoka na chupa ya waini kwenye begi.

Nikupeleke Uturuki kidogo, maana kuna jambo linalomhusu Mgogo moja kwa moja. Aiskrimu ya mji wa Maraş inavutika kama ulimbo na wengine wanaikata kwa kisu. Inapata hiyo nguvu kutoka kwa salepu, unga wa viazi vidogo vya maua ya okidi ya porini, pamoja na mastiki, utomvu mkavu wa mti. Huko Damascus, Syria, kwenye soko la al-Hamidiyya, duka la Bakdash limekuwa likiitwanga aiskrimu ya namna hiyo kwa michi ya mbao tangu karne ya 19, kisha inaviringishwa kwenye pistashio. Salepu ni ghali kwa sababu kilo moja inahitaji viazi zaidi ya elfu moja, na Uturuki imezuia kuiuza nje. Nasi tunao mkasa huo huo: okidi za Nyanda za Juu Kusini zimekuwa zikichimbwa na kupelekwa Zambia kupikwa na karanga, na ulinzi wa maua hayo ni sehemu ya sababu Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Usije ukamwambia mtu akutafutie okidi.

Kazi inayofanywa na salepu ni kazi ya ute. Nani anajua ute kuliko watu wa mlenda? Ute unashika maji, maji yaliyoshikwa hayakimbiliani kutengeneza vipande vikubwa vya barafu, na aiskrimu inakaa laini hata umeme ukiyumba. Mlenda wenyewe nisingeuweka, una harufu ya majani, na ule unaopikwa na magadi utaleta ladha ya sabuni. Bamia ndiyo inayofaa. Ute wake umekwisha kujaribiwa na watafiti kama mbadala wa sehemu ya mafuta kwenye vyakula vya maziwa vilivyogandishwa. Kata bamia nne changa, ziloweke kwenye glasi ya maji usiku kucha ndani ya friji, chuja bila kukamua, tumia maji hayo kukorogea maziwa ya unga. Usiyatumie kwenye ubuyu, asidi inaudhoofisha ute. Kwa karanga ni sawa kabisa.

Na kweli, karanga ndiyo ladha ambayo ningeanza nayo kama ningekuwa kwako. Huhitaji kumfundisha mteja chochote. Zikaange mpaka rangi ya kahawia, karibu na kuungua lakini zisiungue, zisage mpaka zitoe mafuta, tia chumvi ya kuonekana. Wajapani wanafanya hivyo kwa ufuta mweusi, nao ufuta tunaulima. Kisiwa chao cha Shodoshima, kinachojulikana kwa sosi ya soya, kinauza aiskrimu ya sosi hiyo, na ladha yake inakaribia karameli yenye chumvi kuliko unavyofikiri. Chumvi na sukari iliyokaribia kuungua ni ndugu.

Asali ya Manyoni na Itigi nayo, lakini kumbuka hesabu ya chembe: sukari za asali ni ndogo kuliko za mezani, zinalegeza karibu mara mbili. Badilisha robo ya sukari yako kwa asali, usibadilishe yote.

Kama unataka kitu cha kumfanya mtu asimame, nina wazo nililolipata kwa watu wa Oaxaca, kusini mwa Meksiko. Wanayo aiskrimu ya maziwa yaliyoungua. Maziwa yanaachwa yashike chini ya sufuria kwa makusudi, yanapata moshi, kisha wanayala na barafu nyekundu ya mpungate juu yake. Sisi tuna maziwa ya kibuyu. Wafugaji wetu wanakisafisha kibuyu kwa kijinga cha mti, na ile harufu ya moshi inabaki kwenye maziwa. Kuna watu wazima wengi kwenye ofisi za serikali za Mtumba ambao wamelelewa na harufu hiyo na hawajaisikia miaka. Chemsha maziwa kwanza, hili usilikwepe, yafike nyuzi 80 na yakae hapo angalau nusu dakika. Maziwa mabichi yana vijidudu ambavyo friza haiviui, inavilaza tu. Yakishachemka yamimine bado ya moto kwenye kibuyu safi kilichofukizwa, yapoe humo, halafu endelea na mapishi yako ya vanila bila vanila. Juu yake mchirizi wa zabibu. Hizo nyingine zote za ajabu zinaisubiri nyuma.

Kitunguu saumu nakijibu kwa haraka. Huko Gilroy, California, mji wa vitunguu saumu, wanaiuza kwenye tamasha lao. Inawezekana kwa sababu ukali wa saumu unazaliwa pale punje inapopondwa. Ukizichemsha nzima kwenye maziwa, kinachotoka ni utamu wa kupikwa. Inawezekana, lakini sioni nani wa kuinunua. Samaki, hapana. Perege wa Mtera mwache kwenye sufuria.

Udongo hukuuliza, ila nakutajia kwa sababu najua wateja wako wajawazito watakuomba. Cape Town kuna Mzimbabwe, Tapiwa Guzha, mtu mwenye shahada ya uzamivu ya baiolojia ya molekuli, aliyeamua kutengeneza aiskrimu za vyakula vya Kiafrika tu: majani ya porini, samaki mkavu, viwavi, na udongo wa kula. Namheshimu sana, na ukipata nafasi mwonyeshe kijana wako video zake kabla ya zile za Namjatown. Lakini pemba, huo udongo wa kula wa sokoni, hujui imechimbwa wapi, na udongo unaweza kubeba madini ya risasi na mayai ya minyoo. Kwa mama mjamzito usiuze.

Kabla hujawekeza kwenye ladha yoyote, angalia friza yako inafungwa vipi. Ladha nzuri inaharibiwa na umeme unaokatika: aiskrimu inayeyuka kidogo, inaganda upya polepole, na barafu ndogo zinaungana kuwa kubwa zenye kukwaruza. Jaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji ya chumvi yaliyoganda, na usifungue wakati umeme haupo. Iliyoyeyuka kabisa usiigandishe tena ili uuze.

Mwisho, pilipili. Ndiyo, weka, na iweke kwenye ubuyu, ulimi wa Mtanzania umeshazoea hiyo ndoa. Ila ujue inavyofanya kazi. Ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, na kihisio kinachoupokea mdomoni ni kile kile kinachopokea joto. Aiskrimu inaingia na baridi, kihisio kinalala, mafuta yanaushikilia ukali. Halafu vyote vinayeyuka, na moto unafika mteja akiwa ameshameza. Mchanganyiko ulioonja ukiwa majimaji utakudanganya mara mbili: utamu utaonekana umezidi, kwa sababu baridi inaufifisha utamu, na ukali utaufikia ulimi wako mapema kuliko utakavyomfikia mteja. Gandisha kijiko kimoja kwanza. Kionje, hesabu mpaka thelathini, ndipo uamue kama unaongeza.